Upepo wa Mgongoni

Saa nne asubuhi, katikati ya tambarare isiyo na mti wala kichaka, mshale wa joto ulivuka alama nyekundu na fundi akazima injini. Pikipiki ilijiendea hatua chache, ikasimama. Shemeji yake, mjane wa kaka yake na mshonaji wa nguo, aliteremka akinyoosha magoti, akauliza kama wameshafika. Fundi hakucheka.

Walikuwa wakienda kumwona binti wa mshonaji, aliyejifungua siku nne zilizopita upande wa pili wa jangwa. Basi lilikuwa bovu, na fundi akajitolea kumpeleka kwa pikipiki yake ya miaka hamsini, ambayo hajawahi kumwachia mtu hata kuisukuma. Injini yake haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani yake huzunguka chuma chenye pembe tatu, na joto lake si mchezo. Ikipata maji na hewa, huenda laini kama cherehani. Ikikosa, huharibika moja kwa moja, na vipuri vyake havitengenezwi tena popote. Fundi hakuwahi kuoa. Shemeji yake alizoea kumtania kwamba mke anaye, ila ni mwenye kiu sana.

Alikagua feni ya rejeta, akakuta mota yake imeungua. Kisha akafanya kosa ambalo angemfokea fundi mwingine yeyote: alifungua kifuniko cha rejeta kabla haijapoa. Mvuke ulimrukia mkono wa kulia, kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Alikaa mchangani, meno yamekazana. Mshonaji aliumwagia mkono ule kikombe kimoja cha maji, akachana kitambaa chake cha kichwani na kuufunga kwa ustadi wa kazi yake. Ngozi ya vidole ilikuwa imeshaanza kubambuka.

Yalibaki maji lita tatu. Rejeta ilihitaji mbili. Kijiji cha kwanza kilikuwa kilomita ishirini na tano mbele, na kambi ya wajenzi wa barabara, waliyoipita asubuhi, kilomita thelathini na sita nyuma. Tangu waipite hawakuwa wamekutana na gari hata moja. Kwa miguu, kwa jua lile, wasingefika popote. Fundi alisema waisubiri ipoe, waijaze, waende mbele, kwa kuwa ndiko karibu.

Mshonaji alikuwa amejibanza kwenye kivuli chembamba cha pikipiki. Upepo mkali ulivuma kutoka walikotoka na kuwajaza mchanga masikioni.

"Shemeji, tangu asubuhi sijasikia upepo usoni," alisema.

"Upo mgongoni. Unatusukuma."

"Sawa. Na hiyo rejeta inapepewa na nani?"

Fundi alipiga hesabu. Walikuwa wakienda kilomita hamsini kwa saa, na upepo nyuma yao ulikuwa na kasi karibu hiyo hiyo. Hewa mbele ya rejeta ilikuwa imesimama tu. Feni peke yake ndiyo iliyokuwa ikipoza injini, ikafanya kazi hadi ikaungua. Wakiendelea mbele wangechemka tena kabla ya kilomita kumi. Kurudi kulikuwa mbali zaidi, lakini upepo ungewapiga kifuani. Aliona haya kwamba jambo hilo limeonwa na mtu wa sindano na uzi, na akamwambia hivyo.

Rejeta ilipopoa waliijaza, wakaigeuza pikipiki kuelekea kambini. Ilibaki habari ya mkono. Vidole vile visingeweza kuzungusha mshikio wa kulia na kukaza mafuta. Kwa mara ya kwanza fundi alikaa kiti cha nyuma, akaanza kufundisha: klachi mkono wa kushoto, gia mguu wa kushoto, usikaze kwa pupa. Injini ilizimika mara tano. Mara ya sita wakaondoka, wakayumba, wakanyooka.

Upepo uliwapiga kama mlango uliofunguliwa ghafla. Mshale ukarudi katikati na kutulia hapo. Kila kilomita kumi walisimama wakanywa funda moja moja. Fundi alianza kutetemeka, na mshonaji alimfunga kiunoni mwake kwa kipande kilichobaki cha kitambaa ili asianguke.

Kwenye kilomita ya thelathini mshale ulipanda. Fundi, kidevu begani kwa shemeji yake, aliuona ukigusa alama nyekundu, na akanusa maji yakiungua juu ya chuma. Mpira wa kupitisha maji ya rejeta ulikuwa umepasuka. Mara mshale ukaanguka hadi chini kabisa.

"Imepoa!" mshonaji alipaza sauti. "Shemeji, imepoa!"

"Kaza mafuta," fundi alisema. "Usisimame."

Walikwenda hivyo kilomita tano na ushee. Mlio ukawa mkavu, kisha ukawa wa kukwaruza, na nguvu ikapungua hata walipokaza mwisho. Injini ilijifia mahema yakiwa yanaonekana. Wajenzi wawili walitupa sepetu wakaja mbio, wakambeba fundi.

Mpishi wa kambi aliwapa maji kidogo kidogo. Mkono ulioshwa na kufungwa upya. Dereva wa lori aliahidi kumpeleka fundi hospitali, kisha mshonaji kwa binti yake. Mshonaji aliketi kando ya kitanda cha kambi, akauliza kilichoiua injini ilhali ilikuwa imepoa.

"Haikupoa. Rejeta ilikuwa tupu," fundi alisema. "Ule mshale unapima maji. Yakiisha, hauna cha kupima, unaanguka."

"Ulijua?"

"Nilijua pale pale."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesimama kwa ajili yangu. Ungeihurumia, kwa kuwa ni yangu."

Mshonaji alimtazama, akaitazama pikipiki kule barabarani, peke yake juani, akaanza kulia. Fundi alimsogezea kikombe kwa mkono wa kushoto, akamwambia anywe polepole.