Zaitun na Fundi wa Ruangwa

Zaitun alikuwa akipepeta ufuta uani kwake, Marambo, alipomwona mumewe amevaa shati safi. Salimu alikuwa na kirikuu, gari dogo la mizigo. Walilinunua kwa korosho za shamba ambalo Zaitun alirithi kwa baba yake. Salimu alibeba mazao ya wanakijiji hadi Nachingwea mjini, na mara nyingine hadi Ruangwa. Lakini siku hizo gari lilikuwa linasumbua. Likipata moto linakohoa, kisha linazimika.

"Naenda kwa fundi, Ruangwa," Salimu alisema.

"Tena?"

"Tena. Gari halijapona."

Zaitun aliendelea kupepeta, lakini ufuta ulimwagika nje ya ungo. Nachingwea kuna mafundi tele. Kwa nini Ruangwa? Jirani yake Mwanaima alikuwa amemjibu swali hilo bila kuulizwa. Alipokwenda Malolo kumwona binti yake, alipita Ruangwa mjini akamkuta Salimu gereji, amekaa juu ya ndoo, anacheka na fundi. Fundi mwenyewe ni mwanamke, anaitwa Amna. Tena ni mzuri.

Tangu hapo Zaitun hakuwa na raha. Alinusa mashati ya mumewe, akakuta harufu ya oili tu. Hilo halikumtuliza. Fundi naye si ananukia oili? Kisha akaokota ndani ya gari kipande cha kanga ya njano. Haikuwa kanga yake. Alikirudisha palepale.

Sasa aliweka ungo chini. Alivaa kanga mpya, akapanda gari.

"Leo twende wote," alisema. "Nami nataka kumjua huyo fundi."

Salimu hakukataa, ila uso wake ulibadilika. Zaitun aliuona.

Walipoiacha Nachingwea nyuma, injini ilitetemeka, ikazimika. Injini ya kirikuu iko chini ya viti. Salimu alisubiri ipoe, akainua kiti, akatoa kile kipande cha kanga ya njano na kufuta waya mmoja uliolowa oili. Aliufuta polepole, kama mtu aliyefundishwa. Zaitun aligeuza uso pembeni. Gari liliwaka, wakaenda mwendo wa kubembeleza mpaka Ruangwa.

Amna alikuwa ndani ya ovaroli, ushungi ameuchomeka vizuri shingoni. Alinawa mikono kwanza, ndipo akawasalimu.

"Karibu, wifi."

"Wifi yako tangu lini?" Zaitun aliuliza.

Amna hakukasirika. Alimgeukia Salimu. "Kumbe hujamwambia?"

Zaitun alimsogelea mumewe. "Hajaniambia nini?"

Salimu aliangalia chini. Amna akasema ni afadhali aone kwa macho yake. Aliacha injini ipoe, akachomoa waya wa betri, kisha akamwita Zaitun asogee.

"Hii ni sensa," alisema. "Inaiambia kompyuta ya gari jinsi injini inavyozunguka. Hapa shingoni inakaa sili, mpira mdogo wa duara. Kazi yake ni kuzuia oili isitoke. Sili ikichakaa, oili inavuja, inaingia kwenye soketi ya waya. Sensa inachanganyikiwa, gari linazima."

Alivuta sensa taratibu. Shingoni mwake palikuwa na kipande cheusi, kimevimba, kimelegea kama ubuyu uliolowekwa. Kilikuwa kimepakwa gundi.

"Huu si mpira wa kazi hii," Amna alisema. "Umekatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Tyubu haivumilii oili wala moto. Na gundi ikimeguka ndani, inaweza kuziba njia ya oili. Hapo injini inakufa kabisa. Muulize aliyeikata hiyo tyubu."

"Ni mimi," Salimu alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alieleza kwamba sili ya kwanza ilipochakaa, aliwatambia mafundi wa Nachingwea kwamba gari lake analitengeneza mwenyewe, akakata tyubu. Lilipoharibika zaidi aliona haya kurudi kwao, akaja Ruangwa. Amna alimwambia aliache gari mpaka sili ipatikane, akampa na kile kitambaa cha njano cha kufutia oili. Lakini Salimu akaona msimu unapita, akakata tyubu nyingine. "Niliogopa utajua ninaliharibu gari la korosho zako."

Zaitun hakujua acheke au alie. "Umenifanya nimchukie mtu asiye na kosa, kwa ajili ya kitambaa nilichokikuta garini," alisema hatimaye.

"Mimi pia nina mume," Amna alisema. "Ningekuta kitambaa kama kile, ningepanda gari kama wewe."

Sili yenyewe ya kirikuu ilikuwa haijapatikana bado. Lakini Amna alikuwa amepata ya gari jingine, ya mpira unaohimili oili na joto. Aliipima: upana sawa, unene sawa. Alisafisha tundu kwa kitambaa kikavu bila kulikwaruza. Akampa Zaitun ile sili aipake oili safi kidogo ili isichanike. Aliisukuma sensa kwa mkono, bila nyundo, akakaza bolti kwa kiasi. Alisafisha soketi, akaiacha ikauke. Kisha waliwasha injini, wakaisubiri ipate moto, wakapitisha karatasi nyeupe kuizunguka sensa. Karatasi ilibaki nyeupe.

Msimu ule kirikuu kilibeba ufuta wa akina mama wa Marambo hadi ghalani bila kuzimika. Kila asubuhi, kabla injini haijawashwa, Zaitun aliinua kiti mwenyewe, akakagua oili na kuitazama sensa.

Siku moja, karibu na Naipingo, walimkuta dereva amekwama kando ya barabara. Sensa ya gari lake ilikuwa mkononi, imelowa oili, na tayari alikuwa anakata tyubu. Zaitun aliteremka, akamwambia aweke kisu chini. Alimweleza yote, polepole, kama alivyoelezwa yeye. Wakafunga kamba ili walivute gari lake.

"Huyo fundi wenu namkuta wapi?" dereva aliuliza.

"Ruangwa," Zaitun alijibu. "Ni mwanamke, tena mzuri. Nenda na mkeo."