Mtambo Uliofundishwa Kufumba Macho

"Kiyoyozi kinavuja," sauti ilisema kwenye simu.

"Maji au gesi?"

"Gesi. Ukumbi wa mizigo, uwanja wa ndege. Masanduku sita. Yanatoka kabla ya saa nne."

Simu ikakatika.

Sindano alitupia jicho Casio yake. Saa tatu na dakika tano asubuhi. Maji yangekuwa magendo ya kawaida. Gesi ilikuwa na maana moja tu.

Silaha.

Walimwita Sindano kwa sababu alikuwa mwanamke mwembamba, mkimya, na hukujua kama yupo mpaka akuchome. Siku hiyo alivaa ovaroli ya fundi wa viyoyozi na kubeba sanduku la zana. Chini ya bisibisi na koleo ililala bastola ya Beretta, imejaa risasi.

Ndani ya Toyota ya idara ya usalama, redio ilikoroma. Alikuwa Mkuu wake.

"Jana tulinasa maongezi ya wenye mzigo. Mmoja aliuliza, mizigo ikikaguliwa je? Mwenzake akacheka. Akasema mkaguzi ni wetu."

"Mkaguzi yupi?"

"Hapo ndipo penye kazi. Pale wamebaki wakaguzi watatu na mtambo. Saa sita inatua ndege ya wajumbe wa mazungumzo ya amani. Watu mia na arobaini. Kuna wasiotaka ifike."

Sindano akakanyaga mafuta.

Ukumbi ulikuwa baridi kama jokofu. Viti kumi na viwili vilipangwa mbele ya skrini. Tisa vilifunikwa nailoni. Mkanda uliingiza mizigo kwenye eksirei, mtambo wa akili bandia ukaisoma picha na kutoa jibu. Nyekundu, fungua. Kijani, pitisha. Kazi ya mkaguzi ilikuwa kubonyeza KUBALI.

Kijani. Bonyeza.

Kijani. Bonyeza.

"Huu haulali, hauumwi, hauombi ruhusa ya msiba," alijisifu mkuu wa zamu, mtu wa kitambi na tai fupi.

Kando yake alisimama mwanamume wa viatu vinavyong'aa. Wote walimwita Mwalimu. Aliajiriwa na ofisi kuufundisha mtambo, na kuwafundisha wafanyakazi kuuamini.

"Kiyoyozi kipi kimeharibika?" Mwalimu aliuliza. "Mfumo haujaripoti."

Sindano alijiuliza. Fundi wa viyoyozi anamhusu nini?

"Kikiharibika sana hakiripoti, bosi. Kinanyamaza."

Mwalimu alitabasamu kwa meno tu, akaondoka.

Sindano aliegesha ngazi karibu na mkaguzi mmoja, dada wa miwani minene.

"Dada, mtambo ukikosea mnafanyaje?"

"Tunabonyeza kubali."

"Hata ukiliona kosa kwa macho yako?"

"Ukibisha unaitwa ofisini, unaandika maelezo kama mwizi. Mimi nilibisha mara moja. Nikakoma."

"Kwa hiyo hakuna anayeubishia?"

"Nani mwenye roho ya paka?"

Kumbe yupo. Sindano alipachika nyuma ya kompyuta kinasa data, kidogo kama kiberiti. Dakika mbili baadaye simu yake ilijaa kumbukumbu za ukumbi. Kwa miezi mitatu, mtu alikuwa ameubishia mtambo mara mia nne na kumi. Kila mara uliposema nyekundu kwa picha za mafunzo zenye umbo la aina moja, aliandika: *Umekosea. Hii ni pampu ya maji.*

Na mtambo hujifunza kwa kusahihishwa. Mwambie mtoto kila siku kwamba nyoka ni kamba, mwishowe atamvaa nyoka kiunoni.

Masahihisho yote yalibeba jina moja. Mama Kioo.

"Huyo ni nani?" Sindano alinong'ona.

Dada wa miwani akageuka kwanza kuona nani anasikiliza. "Alikuwa mkaguzi wetu namba moja, miaka ishirini na miwili. Ulipokuja mtambo wakamtupa chini, kwenye mabegi yaliyopotea."

Mtu aliyetupwa ana sababu. Sindano alishuka ngazi mbili mbili.

Mama Kioo alikuwa akibandika lebo kwenye begi lililovunjika gurudumu. Sindano aliweka sanduku la zana mezani, mkono mmoja ndani.

"Shikamoo, mama. Neno lako la siri linafanya kazi huko juu kila siku."

"Marahaba. Langu?" Mama aliacha begi. "Ukumbi ule sijaukanyaga tangu waniondoe."

"Nani mwingine analijua?"

"Siku ya kuondoka nilimwandikia Mwalimu kwenye karatasi. Akasema atalifuta." Alimkazia macho. "Mwanangu, kama umekuja kunikamata, nikamate. Lakini usiniambie nimeuharibu ukumbi ule. Nimesomesha watoto watano kwa ule ukumbi."

Sindano alimpima kwa macho. Mama hakukwepa. Ama alikuwa mkweli, ama mwongo aliyefuzu. Njia ya kujua ilikuwa moja.

"Twende juu."

Saa tatu na dakika arobaini na nane.

Dada wa miwani alizirudisha picha za nusu saa iliyopita. Masanduku sita. Pampu za maji. Yote kijani. Mama Kioo aliinama, pua ikikaribia kugusa skrini.

"Pampu gani ina mapezi mkiani?" alisema polepole. "Na hiki hapa ni kifyatulio. Mwanangu, haya ni makombora ya kurushia begani."

Sindano aligeuka.

Mwalimu hakuwepo.

Sindano akachomoa redio ya mfukoni. "Sindano kwa Mkuu! Gesi imethibitishwa. Fungeni lango la mizigo la kusini!"

"Lango linafunguliwa na mtambo. Na mtambo umeona kijani."

Alikimbia, sanduku la zana mkononi.

Nje, lori la Isuzu lenye yale masanduku sita lilikuwa likigeuza, Mwalimu kando ya dereva. Lango lilianza kufunguka lenyewe, kwa adabu zote. Foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, ilisimama jirani, injini inanguruma. Sindano alirukia usukani, akashusha vyuma vyake, akakanyaga hadi mwisho.

Vyuma vikazama kwenye rejeta ya lori. Mvuke ukafumuka.

Dereva alitimua mbio na kuangukia mikononi mwa walinzi. Mwalimu akaruka chini na bastola.

Paa!

Risasi ilidunda kwenye sanduku la zana ambalo Sindano aliliinua kama ngao. Kabla ya ya pili, spana ilikuwa hewani. Ikampata kwenye kifundo cha mkono. Bastola ikaanguka, naye akafuata, goti la Sindano likiwa mgongoni mwake.

"Sikuvunja kitu," Mwalimu alihema. "Nimefundisha tu. Wenyewe walikubali kufumba macho."

Pingu zikalia. Lile la mwisho lilikuwa kweli, Sindano alijua.

Mkurugenzi wa uwanja alifika karibu saa sita, akakuta kila kitu kimekwisha. Alikuwa akitokwa jasho ndani ya ule ukumbi wa baridi.

"Zimeni mtambo! Leo hii!"

"Usiuzime, mkurugenzi," alisema Mama Kioo. "Kuna vitu unaviona ambavyo macho yangu hayavioni. Wiki ile ya kwanza ulikamata meno ya tembo ndani ya magunia ya unga, mimi ningeyapitisha. Ila anayeubishia msimwadhibu. Na anayeusahihisha asiwe mtu mmoja, tena ajulikane kwa sura."

Mkuu wa zamu, bila kuambiwa, alivua nailoni kwenye kiti kimoja na kumsogezea. Mama aliketi.

Sindano hakuwa ametulia bado.

"Nani alichunguza historia ya Mwalimu kabla ya kuajiriwa?"

Mkurugenzi alikohoa. "Tuna mfumo wa ajira. Unachuja wenyewe. Ulimpa alama za juu."

"Wewe ulisoma barua zake?"



Sindano alitoka nje, akaivua ovaroli na kuitupa kiti cha nyuma cha Toyota. Akashika redio.

"Mkuu, walioingia kwa mchujo ule ule ni wangapi?"

"Kumi na wanne. Ofisi tano tofauti."

"Nitumie majina. Usiyapitishe kwenye mtambo wowote. Yaandike kwa mkono."

Juu, ndege ya wajumbe ilishusha magurudumu na kutua salama. Sindano hakuinua hata kichwa. Alivaa miwani ya jua, akawasha gari, akaondoka taratibu kama mtu anayekwenda kununua gazeti.