Dengu Zilizozidi Motiya

Kila jioni akitoka shuleni, Ivy alivua viatu mlangoni, akanywa chai ya maziwa, kisha akaketi sakafuni. Aliishi Al Mankhool, Dubai, na mama yake Monicah, Mkenya aliyefanya kazi katika hoteli ya jirani. Sebule yao ilikuwa ndogo, na wiki ile ya mwaka 2013 sebule yote ilikuwa imetekwa na India.

Ndiyo, India! Shule yao ilifuata mtaala wa Kihindi, na Mwalimu Vandana aliwagawia wanafunzi, wawili wawili, wilaya za kaskazini mwa nchi hiyo. Ivy alipangwa pamoja na jirani yake Kusum. Walipewa Kesarwal, wilaya walikotoka akina Kusum. Kwenye ramani kubwa waliyoitandaza sakafuni kwa akina Ivy walichora makao ya kolekta, ndiye mkuu wa wilaya, wakazipaka rangi tarafa zake tatu. Watu waliwaonyesha kwa punje za dengu zilizobandikwa kwa gundi, kila punje watu elfu moja, kulingana na sensa ya mwaka 2011. Alhamisi wazazi wangekuja kutazama. Mwalimu alikwisha kuwaonya kwamba kazi yenye takwimu za uongo haitapandishwa ukutani.

Sasa, Ivy alikuwa mtoto wa kukagua mambo. Hata chapati aliigeuza kwanza aone upande wa pili. Jumatatu aliona dengu zimesongamana katika tarafa ya Motiya. Alizihesabu, akakuta zimezidi kumi, akazing'oa zilizozidi. Jumanne zilikuwa zimezidi kumi tena, na gundi ilikuwa bado mbichi; akazing'oa.

"Mbona Motiya imejaa hivi?" alimuuliza Kusum.

"Watu wanazaliwa," Kusum alijibu huku akitazama pembeni.

"Tangu jana?"

Mkono wa Kusum ulikuwa mfukoni, na Ivy aliutazama mfuko ule kwa jicho kali. Motiya ilikuwa tarafa ya akina Kusum. Kumbe anataka tarafa yao ionekane kubwa! Au anataka waaibike wote wawili mbele ya shule nzima? Usiku ule Ivy alijigeuzageuza kitandani kwa hasira.

Jumatano asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Vandana, akamshtaki Kusum.

"Ikiwa ni kweli, jina la Kusum litaondolewa kwenye kazi," mwalimu alisema. "Lakini uwe na hakika."

Hakika? Ivy alimtega Kusum jioni ile ile. Alisema anakwenda jikoni kuleta chai, kisha akajibanza nyuma ya pazia. Kusum alitoa punje mfukoni, akazibandika moja moja huku midomo ikimchezacheza, mpaka zikafika kumi.

"Nimekushika!" Ivy alichomoka. "Mwongo wewe! Umeongeza watu elfu kumi!"

Monicah alitoka chumbani upesi, vifungo vya sare yake ya kazi bado vikiwa wazi. "Kuna nini hapa?"

Kusum alikuwa analia. "Nimeongeza kumi tu," alisema, akagusa punje moja baada ya nyingine. "Huyu baba. Huyu mama. Huyu mimi. Hawa ni wajomba zangu wanaopakia mizigo kule mtaa wa Deira." Aliendelea kuwaonyesha mpaka wakaisha. "Karani wa sensa alipofika kwa bibi hakutuandika. Alisema hatupo, tuko Dubai. Na huku Dubai tunaitwa wageni. Sasa sisi tuko wapi?"

"Lakini punje moja ni watu elfu!" Ivy alisema.

"Najua. Sikupata punje ndogo ya mtu mmoja."

Monicah aliketi sakafuni, sare na yote. "Ivy, hata sisi hatumo," alisema polepole. "Sensa ya kwetu ya mwaka 2009 ilitukuta huku. Nyanya yako alimng'ang'ania karani atuandike. Karani akakataa, akisema anaandika waliolala pale usiku ule tu. Nyanya yako alilia kama aliyefiwa."

Ivy aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto.

"Kusum, mwanangu, hizi zitoke," Monicah aliendelea. "Hesabu hiyo ndiyo kolekta hutumia kupanga shule na zahanati. Ukiongeza hata kwa upendo, umedanganya."

Kusum alizing'oa moja moja. Ivy aliinuka akaleta kisahani.

"Ziweke humu," alisema. "Asubuhi nilikwenda kukushtaki kwa mwalimu; kesho nitamweleza ukweli mimi mwenyewe. Nisamehe, Kusum."

Alhamisi ramani ilipandishwa ukutani, na majina mawili chini yake. Kisahani kilikuwa juu ya meza, kando ya kibao kilichosema: Watu wa Kesarwal walioko Dubai. Hapa punje moja ni mtu mmoja.

Baba yake Kusum alifika akiwa na sare ya udereva. Alisoma kibao, akainama.

"Ipi ni mimi?" aliuliza.

Kusum alimwonyesha. Baba yake aliisukuma punje ile kwa kidole mpaka ikagusana na ya binti yake.

Monicah alimshika Ivy bega.

"Sensa haikumwandika yule baba," Monicah alinong'ona, "na wewe ulikuwa karibu kumfuta binti yake. Kukagua kazi ni vizuri, endelea. Lakini ukimshuku mwenzako, kaa naye umuulize mpaka akwambie, ndipo uende kwa mwalimu."

"Nitauliza, mama," Ivy alisema, akaenda kusimama kando ya Kusum.