Njia Inayopunguza

Ukimuuliza mwokaji leo, atakuambia safari ile haikuwa na jambo. Walitoka asubuhi, wakachoka, wakafika. Atakuambia hivyo huku akikanda unga, hata asikutazame, na wala hatakuwa anakudanganya.

Alikuwa mwokaji wa mikate kwenye tanuri la mtaani kwao, kazi ya kuamka wakati wenzako ndio kwanza wanageukia upande wa pili. Mwaka huo msaidizi wake aliacha kazi bila kuaga, na mwenye tanuri akawa kila wiki anaahidi kutafuta mwingine. Hakutafuta. Mwokaji akabeba kazi ya watu wawili hadi macho yakawa yanamwasha kama yametiwa mchanga. Akikaa, analala. Akiegemea mlango, analala. Siku moja alisinzia huku akimsugua meno binti yake mdogo. Mtoto akamaliza mwenyewe, kisha akamfuta mama yake povu mkononi.

Kwa hiyo likizo ilipopatikana, hakutaka kwenda kuona kitu chochote. Alitaka kitanda. Dada yake mkubwa aliishi mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa gari, na alikuwa na chumba cha uani chenye pazia zito. Mwokaji alikiota chumba kile kama watu wengine wanavyoota mali.

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu mpole, mwepesi wa utani. Jioni ya kuamkia safari aliegemeza simu kwenye jagi la maji, akafungua ramani na kuwaita wote mezani. Mabinti zao walikuwa watatu. Mkubwa walimwita Mwalimu, maana hakuna kosa lililompita bila kusahihishwa. Wa kati alikuwa Kasuku. Ukisema neno, analo tayari, anakurudishia kwa sauti yako mwenyewe. Kitinda mimba alikuwa Kibonge, na jina hilo alilipenda.

"Njia ziko mbili," alisema fundi. "Hii ya juu ni lami tupu, ila inazunguka milima yote. Tutafika watu wameshalala. Hii ya chini inakata katikati ya mashamba ya miti ya mbao. Vumbi lipo, lakini tutafika jua halijazama."

"Mbona hiyo ya chini haina jina?" Mwalimu aliuliza.

Kweli, haikuwa nalo. Ramani ile ilitaja kila kijiji na kila kijito, lakini mstari wa njia ya chini ulipita kimya, mwembamba, kama uzi ulioangukia kitambaa cha meza.

"Barabara si mtoto mpaka ipewe jina," fundi alimjibu.

"Barabara si mtoto," Kasuku akadakia kwa sauti nzito ya baba yake, na wote wakacheka, hata mwokaji, ambaye alikuwa amelaza shavu mezani.

Wakapiga kura. Mwalimu na Kasuku walitaka ya juu. Fundi na Kibonge wakataka ya chini. Ikabaki kura ya mama. Kasuku akamwinamia sikioni. "Sema ya juu, mama. Juu kuna handaki. Tutapiga kelele ndani yake."

"Yoyote itakayonifikisha kitandani mapema," alisema mwokaji, macho ameyafumba.

Ikawa ya chini.

Waliiacha lami asubuhi jua limeshachomoza sawasawa. Pale ambapo lami iliishia na miti ikaanza, palikuwa na kibanda cha chai cha mbao, kimoja tu, na mama mmoja wa makamo akichochea moto. Wakashuka kunyoosha miguu. Yule mama aliwamiminia chai bila maneno mengi, ila aliwatazama watoto mmoja mmoja, kwa muda, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Akawauliza wanaitwaje. Walipomtajia, akayarudia majina yao polepole, chini ya pumzi: Mwalimu. Kasuku. Kibonge.

Mwokaji alipokwenda nyuma ya kibanda kunawa uso, yule mama alimfuata.

"Mnapita chini?" alinong'ona.

"Ndiyo."

"Nani hulala garini?"

Mwokaji alijaribu kucheka. "Mimi. Mimi nalala popote."

Mwenzake hakucheka. "Leo usilale. Mpaka mvuke daraja la chuma, kila mtoto awe na jicho juu yake. Dereva hahesabiki, yeye anatazama mbele. Ile njia inapunguza."

"Inapunguza nini?"

"Watu."

Maji yalikuwa yakimtiririka mwokaji kidevuni. Hakuyafuta.

"Hutasikia kelele," yule mama aliendelea. "Hutaona damu. Gari linaingia na watu watano, linatoka na wanne, na hao wanne hawamtafuti mtu. Wanafika, wanakula, wanalala. Hawajui kama wamepungukiwa. Tunaokaa hapa ndio tunaokumbuka."

"Na wewe umejuaje?"

Yule mama aligeuza uso upande wa miti. "Mimi nilipita hapa na mume. Nimejaribu kuhama, dada. Nikifika kwenye lami namsahau, hata sura yake, najikuta nimesimama njiani nalia na sijui nalilia nini. Nikirudi hapa, namkumbuka. Basi nikabaki." Akachukua beseni, akamwaga maji. "Rudini mpite juu. Mchelewe tu."

Garini, mwokaji alimweleza mumewe yote, kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Hakumkejeli.

"Mtu akikaa peke yake porini, kichwa kinaota mambo," alisema. "Lakini ukisema nigeuze, nageuza. Sema wewe."

Mwokaji alitazama nyuma walikotoka. Akaiona ile safari ya milima, kona baada ya kona, giza likiwakuta njiani, watoto wakitapika, na chumba chenye pazia zito kikisogea mbali, mbali zaidi. Hakuwa na nguvu hata ya kuogopa vizuri.

"Twende," alisema. "Sitalala."

Miti ilianza. Ilikuwa imepandwa kwa mistari, yote ya unene mmoja, yote ya urefu mmoja, na gari lilipokwenda, nafasi kati ya mistari zilifunguka na kufungika, zikafunguka na kufungika. Mwanga ukaingia, ukatoka. Hapakuwa na ndege. Redio ilikoroma kidogo, kisha ikanyamaza, na fundi hakuhangaika nayo.

Mwokaji alikaa kiti cha mbele lakini aligeuka kabisa, mgongo kwenye dashibodi, uso kwa watoto. Mwalimu dirisha la kushoto. Kasuku katikati. Kibonge dirisha la kulia. Akawahesabu. Akarudia. Kibonge alilala kwanza, kama kawaida yake, mdomo wazi. Mwalimu akapambana kidogo, naye akaangusha kichwa.

Joto lilikuwa jingi. Mwanga ukaingia, ukatoka.

Mwokaji alijifinya paja. Alijing'ata shavu kwa ndani mpaka akaonja chumvi ya damu. Kope zake zilikuwa nzito kama magunia, na kila alipozinyanyua aliona kwamba hakujua zilishuka lini.

"Kasuku," alisema. "Nisemeshe."

"Kasuku, nisemeshe," mtoto akajibu, akitabasamu.

"Usilale."

"Usilale."

"Mama anakutazama."

"Mama anakutazama."

Wakaenda hivyo. Neno kwenda, neno kurudi. Ilimsaidia. Kila sauti ile ndogo iliporudi, macho yalifunguka tena. Fundi aliushika usukani kwa mikono yote miwili, shingo imekakamaa. Kuna mahali alipunguza mwendo bila sababu, kisha akaongeza. Mwokaji hakumuuliza ameona nini.

Nje, kati ya mistari ya miti, palikuwa na vijia vyembamba vilivyofagiliwa. Mwokaji aliviona kwa pembe ya jicho. Visafi. Hakuna jani. Nani anafagia huku?

"Mama," alisema Kasuku, na safari hii hayakuwa maneno ya mtu mwingine. "Wanapunga mkono."

"Nani?"

"Wale."

"Usiwatazame. Nitazame mimi."

"Nitazame mimi," alisema Kasuku.

Alimtazama. Alitazama ule uso mdogo wenye vumbi. Mwanga uliingia. Ukatoka. Ukaingia. Alisikia sauti ikisema mama, usilale. Akasema nakusikia. Alikuwa na hakika ameyasema hayo kwa mdomo. Mama, usilale. Nakusikia, mwanangu. Mama.

Nakusikia.

Vyuma viligongana chini ya gari, mfululizo, kama sufuria zinazomwagika kabatini. Mwokaji alishtuka, akagonga kichwa kwenye kioo. Daraja. Walikuwa juu ya daraja la chuma, mto wa maji ya kahawia ukipita chini. Akainua macho kwenye kiti cha nyuma.

Mwalimu kwenye dirisha la kushoto, amelala.

Kibonge kwenye dirisha la kulia, amelala, mdomo wazi.

Mmoja. Wawili.

Alilegea mwili mzima. Machozi yakamtoka, akacheka huku yakimtoka.

"Wapo?" fundi aliuliza, hageuki.

"Wapo. Wote wawili."

Fundi akashusha pumzi ndefu. "Nilikuambia. Yule mama ni upweke tu."

Upande wa pili wa daraja lami ilianza, nyeusi, laini. Redio ikarudi yenyewe katikati ya wimbo. Mwokaji aligeuka, akakaa sawasawa, akafunga mkanda wake. Alijisikia mwepesi kwa namna asiyoielewa, wepesi wa mtu aliyetua mzigo mahali na hakumbuki ni wapi. Mwalimu aliamka, akafikicha macho, akatazama kulia, akatazama kushoto. Alifungua mdomo kama anayetaka kusahihisha kitu. Akaufunga.

"Nini, mwanangu?" mama yake aliuliza.

"Sijui," Mwalimu alisema. Akaanza kulia taratibu, bila kelele, na hakuna aliyeweza kujua sababu. Wakasema ni njaa. Wakampa biskuti. Alikula huku akilia.

Walifika jua halijazama, kama fundi alivyoahidi. Dada mkubwa aliwapokea langoni kwa vifijo, akambeba Kibonge, akamlalamikia uzito, akamkumbatia Mwalimu. Kisha akabaki amesimama, tabasamu bado usoni, akitazama mlango wa gari uliokuwa wazi. Alisubiri. Mtu angedhani bado kuna wa kushuka.

"Vipi, dada?" mwokaji aliuliza.

"Hakuna," alisema dada, akapepesa macho. "Nimeingiwa na kitu tu. Karibuni ndani, mmechoka."

Ndani, fundi alisimama ukumbini na mabegi, akaita watoto wakaoge. "Mwalimu. Ka..." Akakwama. Akabaki mdomo wazi, kama mtu ambaye chafya imemkimbia. "Kibonge," akamalizia. Akatikisa kichwa, akajicheka, akasema kweli amezeeka.

Mwokaji alikiona chumba cha uani. Kitanda kimetandikwa. Pazia zito limeshushwa. Alivua viatu, akajilaza chali, akasubiri usingizi umchukue kama ulivyokuwa ukimchukua kwenye milango na kwenye viti. Usingizi haukuja. Mwili ulikuwa hoi, kila mfupa ulilalamika, lakini macho yalikaa wazi kwenye dari. Kuna kitu alitakiwa kukifanya. Alijipekua mawazo yote. Jiko walizima. Mlango walifunga. Watoto wamekula.

Mumewe akamwita kutoka uani. Hakuita kwa nguvu.

Alimkuta ameinama kwenye mlango wa nyuma wa gari. Alikuwa ameingia kufagia makombo ya biskuti.

"Nani alifunga huu?" alinong'ona.

Mkanda wa kiti cha kati ulikuwa umefungwa. Ulikuwa umevutwa mfupi, umekazwa, jinsi unavyomkazia mtoto asiyetulia. Hakuna aliyekaa katikati. Mabinti wote wawili walipenda madirisha, na mkanda ule hawakuwa na kazi nao.

"Labda waliuchezea," alisema mwokaji.

Fundi alirudi nyuma hatua moja.

Mwokaji akaingiza kiganja kati ya mkanda na kiti, mahali pale pembamba. Palikuwa na joto. Gari lilikuwa limesimama kivulini tangu walipofika, viti vingine vyote vilikuwa vimepoa, lakini pale palikuwa na joto, na unyevu kidogo, kama shuka la mtoto aliyenyanyuliwa sasa hivi.

Akabonyeza kitufe chekundu. Mkanda ukaachia. Lakini haukujirudisha kwa kasi kama inavyojirudisha mikanda yote. Ulikwenda polepole, polepole sana, ukisimama na kuendelea, kama kuna kidole kidogo kilichoung'ang'ania mpaka ulipofika mwisho.