Aliyepiga Hodi Darsait

Suud bin Marhoon alitumwa nazi.

Basi, hayo tu. Mtu mzima, mvi kichwani na kitambi mbele, aliyewapikia mabaharia wa meli za moshi kutoka Durban mpaka Basra, alitumwa nazi moja na mkewe, akatoka mbio kama mtoto wa chuoni.

Lakini nazi pale Darsait haikuwa kitu cha kupatikana hivi hivi. Mwaka ulikuwa wa sitini na saba, na Darsait ilikuwa vibanda vya makuti ya mtende, kisima kimoja, mbuzi wengi, na vumbi kuliko mbuzi. Suud na Muhsina walikimbilia huko baada ya Unguja kuchafuka. Babu zake walitoka Oman, lakini yeye Oman aliijua kwa jina tu, kama mtu anavyomjua mkwe asiyewahi kumwona. Wiki ya kwanza alijitia kuparamia mtende vile alivyokuwa akiparamia mnazi. Miba ikamteremsha. Kijiji kizima kikamshuhudia akitembea kama bata, na watoto wakambatiza jina: Zinjibari wa Miba. Yeye aliwashinda wote kwa kulicheka.

Kitu kimoja hakikumwangusha ugenini: mikono yake. Mpe Suud unga, mpe nyama, atakitupia kiganjani mara moja na kukwambia uzito wake, na mizani ikiletwa itamfuata yeye.

Na kitu kimoja alikikosa tangu ujana: mtoto. Walizaliwa wawili kule Unguja, na hakuna aliyefika arobaini yake. Sasa alikuwapo wa tatu, Kheiria, kichanga chepesi kama mkate wa mofa, na arobaini yake ilikuwa karibu. Ila Muhsina alikuwa hali chakula, na maziwa yalikuwa yanakatika.

"Nkila wali wa nazi yatashuka," alisema mchana ule, amejilaza kitandani, uso umemsawajika. "Mie najijua, Suud. Mtoto huyu asije akatutoka kwa ajili ya nazi."

"Hata ikibidi nkaipande Malabar, n'takuletea."

Alipotoka, jirani yao Bi Masouda alimdaka mlangoni. Kikongwe huyu alizaliwa Darsait na hakujua neno la Kiswahili. Kwa Kiarabu chake cha harakaharaka alimwambia, na haikuwa mara ya kwanza: mpaka mtoto atimize arobaini, jua likishazama msimkaribishe mtu ndani. Mwema hutaja jina la Mungu, kisha lake, ndipo afunguliwe. Kuna watu hapa walizikwa na hawakufa. Mchawi huwaiba, na kaburini kikaingia kigogo cha mtende, na nyinyi mnakilia kwa machozi yenu. Aliyeibwa hatumwi ila kwa jamaa zake. Akipata wa kukaa badala yake, huachwa huru.

"Anasemaje?" Muhsina aliuliza kutoka ndani.

Suud alimtazama mkewe, mgonjwa, mwenye hofu tayari. Akaona amfichie.

"Anasema wadoezi wa hapa hodari. Magharibi tufiche sufuria."

Muhsina akacheka. Ulikuwa muda mrefu hajacheka. Suud akaondoka amefurahi, anajiona mkalimani mkubwa.

Nazi aliipata Matrah kwa Banyani mmoja aliyeletewa kapu na jahazi la Malabar. Akazungumza, akataniana, akachelewa. Alipotoka lango la mji, jua lilikuwa limeshakwenda. Akawasha fanusi, kwa sababu siku zile kutembea gizani bila fanusi kulimfikisha mtu rumande, akashika njia ya bondeni na kikapu chake mkononi.

Njia ile ilikuwa ya changarawe. Kila hatua: krrch. Krrch. Kulia kwake vilima vyeusi. Kushoto, makaburi.

Makaburini pale alilala Hind, mdogo wake Muhsina. Walikuja naye kutoka Unguja, na kiangazi cha kwanza homa ikamchukua. Homa ilimkausha akabaki kama ufito. Lakini Suud alipoingia kaburini kumpokea, uzito ulikuwa nusura umvunje mgongo. Mikono ikamwambia: huyu si Hind. Akaikemea mikono. Akasema ni majonzi.

Krrch. Krrch.

Ikamjia harufu. Si ya mbuzi, si ya bahari. Kafuri… ile wanayowekewa maiti.

"Shemegi."

Suud akasimama.

Hapakuwa na mtu Oman nzima wa kumwita hivyo. Aliyekuwa akimwita hivyo alimfukia kwa mikono yake.

"Usinimulike. Macho yananiuma."

Sauti ilikuwa ya Hind. Ileile, na kile kikwaruzo chake cha kutaka kucheka. Suud alitaka kusoma Ayatul Kursiy. Akaanza, akapotea katikati, akaanza tena. Mtu aliyehitimu chuoni kwa bakora!

"Nipe kikapu nikuchukulie. Umechoka."

Kikapu kikatoka mkononi. Hakukitoa, hakikunyang'anywa. Kilitoka tu.

Akatembea. Angefanya nini? Miguu ya kukimbia aliiacha kwenye meli. Krrch, krrch… hatua zake peke yake. Ubavuni, nje kidogo ya mwanga wa fanusi, kuna kitu kilikwenda naye sambamba, na chini yake changarawe haikulia.

"Dada kajifungua," ilinong'ona sauti.

Suud akaongeza mwendo.

"Mtoto wa kike. Nnamsikia akilia usiku. Nipo karibu, shemegi. Nnachunga mbuzi wa mtu. Sijafa. Mlinilia bure."

Machozi yakamtoka Suud. Maana ikiwa kweli? Ikiwa ni yeye, mzima, mtumwa wa mtu mwenye roho mbaya huko nyuma ya vilima, na sasa kaja kwa watu wake? Binti aliyemlea kama mwanawe, aliyemfundisha kukaanga kitumbua kisinyonye mafuta. Mtu gani humwacha wa kwake nje?

Ikaonekana taa ya nyumbani, nyuzinyuzi za mwanga zikipenya kwenye makuti. Ndani mtoto alikohoa.

"Nna baridi," ilisema sauti. "Nikaribishe."

Neno lile Suud alikuwa amelitoa maisha yake yote bila kulihesabu. Aliwakaribisha mabaharia, wadai, walevi, hata mbuzi wa jirani aliyetia kichwa jikoni. Sasa lilimjaa kinywani kama tonge la moto. Akafikiri juu ya Hind. Akafikiri juu ya Kheiria, mwepesi, anayekohoa.

Akaung'ata ulimi mpaka akaonja damu.

"Shemegi. Wewe… wewe wa kuninyima mie?"

Alisimama mlangoni amekingama kama komeo, mdomo amefumba, analia kama mtoto.



Kisha ile sauti ikapanda, tamu, ya furaha, sauti ya mgeni wa Unguja aliyesimama barazani na zawadi yake mkononi:

"Hodi!"

Na ndani, Muhsina, ambaye hakuwahi kuambiwa kitu ila habari za wadoezi, akaitika vile mama yake alivyoitika, na mama wa mama yake:

"Karibu!"

Fanusi ikazimika.

Kitu kikampita Suud begani. Baridi. Kafuri. Mlango haukulia.

Akajitupa ndani. Muhsina alikuwa amekaa kitako kitandani, mikono magotini, anatazama mlango.

"Nani alopiga hodi? Nimesikia sauti kama ya…" Akanyoosha shingo. "Mbona hajaingia?"

"Mtoto yuko wapi?"

"Si huyo kalala. Una nini, Suud? Mdomo unakutoka damu!"

Kheiria alikuwa amelala kwenye godoro lake dogo, amefumba ngumi, anapumua. Mzima. Hakohoi tena.

Kando ya shavu lake, pamelazwa nazi.

"Umeiweka hapo saa ngapi?" Muhsina aliuliza, akitabasamu.

Suud akainama, akamwinua mwanawe.

Mikono ikamwambia, kama siku ile kaburini.

Akamrudisha godoroni polepole, kama mtu anayerudisha kifuniko cha sufuria asiyotaka kuona ndani yake.

Asubuhi alimwamsha Bi Masouda, akamweleza yote. Kikongwe alisikiliza mpaka mwisho, akatema mate kando. "Chukua jembe," alisema. "Fukua kaburi la shemegi yako. Utajua umemfungia nani na umemfungulia nani."

Suud alichukua jembe. Alifika makaburini. Akasimama juu ya Hind mpaka jua likamchoma utosini, akarudi na jembe safi. Akikuta mifupa, ni nani aliyeingia nyumbani kwake? Na akikuta gogo…

Suud hakumwambia Muhsina. Angemwambiaje? Mwanamke alikula wali wa nazi, maziwa yakashuka, arobaini ikapita, ikasomwa maulidi, wageni wakala mpaka wakalegeza mikanda. Kheiria alinawiri. Kila aliyempakata alisema, mashallah, mtoto mzito huyu! Na Suud alitia mzaha, "Kamfuata baba kitambi," wakacheka, naye akacheka kuliko wao.

Alimpenda. Hilo lazima lisemwe. Alimpenda akiwa na hofu, lakini alimpenda. Alimlisha kwa mkono wake, akamwimbia. Ila mbele yake hakumkaribisha tena mtu yeyote, na Darsait wakaanza kusema Zinjibari wa Miba amekuwa bahili uzeeni.

Miaka miwili ikaenda. Jioni moja, kabla ya isha, Muhsina alikuwa kwa Bi Masouda, naye Suud amekaa mkekani na Kheiria mapajani, anammenyea tende. Nje upepo ulikuwa umekatika.

Ikaja harufu ya kafuri.

Kisha, mlangoni, chini kabisa, karibu na kizingiti, sauti ndogo. Ya mtoto anayejifunza maneno.

"Hodi…"

Ikafuata kikohozi. Kikohozi kile alikijua.

"Hodi… baba?"

Tende ikamdondoka. Mapajani pake Kheiria alikuwa ametulia tuli, na miguu ya Suud ilikuwa inakufa ganzi kwa uzito. Akageukia mlango. Akafungua kinywa.

Kheiria akainua kiganja chake kidogo, kimenata tende, akamziba baba yake mdomo.