Mawe Meupe ya Nyumba Tupu

Mvua ilikuwa imekatika na giza linaanza kuingia Paluku alipotoka kutafuta mawe. Kesho asubuhi Gracieuse, binti yake wa miaka kumi na mmoja, alitakiwa kufikisha shuleni mfano wa ukuta ambao Warumi wa kale waliujenga mpakani, kaskazini mwa Uingereza. Na mtoto, kama walivyo watoto wote, alikumbuka leo hii.

Nyumba ya jirani ilikuwa tupu tangu Paluku na familia yake wahamie East Side, mtaa wa mji wa Buffalo, Marekani. Mawe meupe yalipangwa kuizunguka, moja baada ya jingine, bila pengo. Paluku aliyaona ya bure tu. Akajaza mfuko, akarudi.

Gracieuse akaanza kuyabandika kwa gundi juu ya kadibodi.

"Donc, huu ukuta ilikuwa ya kuzuia adui?" Paluku akauliza.

"Not really, Papa. Watu walikuwa wanapita. But ku mlango tu, askari aone nani anaingia na nani anatoka."

Paluku akacheka. Ukuta mrefu namna ile, kumbe kazi yake ni kuuliza watu majina!

Hodi...

Sauti ya mwanamke. Mlangoni. Ya taratibu.

Buffalo nzima, nani anapiga hodi kwa mdomo? Watu hubonyeza kengele. Lakini Paluku ni mzaliwa wa mji wa Beni, Kongo, na kwao hodi haiachwi bila jibu. Ulimi ukatangulia akili.

"Karibu!"

Alipofungua, hapakuwa na mtu... ila harufu. Udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa asubuhi.

Nywele zikamsimama. Akamtazama binti yake. Nsimire, mkewe, alikuwa kazini, na huyu ndiye mtoto wao wa pekee.

Kumbe mawe yale hayakuwa ya bure, akawaza, akayabandua yote, gundi haijakauka bado. Gracieuse akaangua kilio. Shuleni atasema nini?

"Funga mlango. Usifungulie mtu!"

Kule nje akayapanga upya. Moja. Jingine. Jingine. Pengo likaziba.

"Baba Gracieuse, unafanya nini?"

Akaruka. Kumbe ni bibi Mukabutera, jirani wa upande wa pili, amejitanda shuka.

"Nilitoa mawe, mama. Bon, nimesharudisha. Yote."

Bibi akashusha sauti. "Kuna mtu amekupigia hodi?"

"Sikumuona..."

"Ukamwambia karibu?"

Paluku akaitikia kwa kichwa. Bibi akajishika mdomo.

"Mawe haya niliyapanga mimi, ili asitoke. Sasa ametoka, nawe umeziba. Atarudi wapi?"

"Ni nani, mama?"

Mukabutera alikuwa ameshageuka, anakimbilia kwake, hataki hata kutazama nyuma.

Paluku akatazama dirisha la jikoni kwake. Gracieuse alikuwa amesimama, hana tena machozi, anatabasamu.

Alikuwa anamvutia mtu kiti.