Cheti cha Tumbo Namba Saba

Matumbo-mbadala kumi na mawili yalikuwa yakipumua kwa pamoja katika hospitali ya Tabora Mpya, kila moja likimlea mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake. Yaliendeshwa na programu huria, ile ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuisoma, kuirekebisha na kuigawa bure. Ndivyo tulivyoambiwa.

Saa nne asubuhi tumbo namba saba lilianza kupandisha joto. Nyamizi, msimamizi wa mifumo kwa miaka kumi na tisa, alitazama skrini mara moja akajua kosa liko wapi. Sehemu ile ya programu aliiandika mwenyewe. Alipogusa kibodi, Bawabu, roboti wa kukagua vyeti, akamzuia.

"Cheti chako ni cha Ngao. Kuanzia jana hospitali inatambua Mwenge tu. Mtihani ujao ni mwezi wa nane."

Ngao na Mwenge! Mabaraza mawili yanayofundisha kitu kilekile, kila moja likiwaita wahitimu wa mwenzake vihiyo. Yalaaniwe yote mawili.

"Kashindye, wewe una Mwenge," Nyamizi alimwambia mwenzake. "Andika ninachokutajia. Mstari mmoja tu!"

Kashindye alikuwa amekariri maswali akafaulu vizuri sana. Sasa alirudi nyuma hatua moja.

"Dada, Bawabu anatusikia. Nikifuata maelekezo ya asiye na cheti, changu kinafutwa. Ngoja nitafute kwenye mwongozo."

"Mtoto anaungua!"

"Nimefika ukurasa wa arobaini."

Nyamizi alimkamata vidole, akavibonyeza kwa nguvu kwenye kibodi. Bawabu alipima mapigo ya moyo wa Kashindye, akatangaza kwamba mkono umelazimishwa, akafunga mfumo wote wa tumbo lile. Daktari alivunja kifuniko akamtoa mtoto. Mapafu yake yalikuwa hayajakomaa. Aliishi dakika ishirini.

Mama yake, Mbuke, aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Hakulia. Aliwatazama wote wawili.

"Nani kati yenu alijua cha kufanya?"

"Mimi, mama," Nyamizi alijibu.

"Mbona hukufanya?"

Nyamizi alimweleza habari za Ngao na Mwenge, na kila neno lilimtia aibu na hasira.

"Vyeti," Mbuke alisema. "Mwanangu hajapata hata cha kuzaliwa."